Ukuta Uliotokeza Upande Wetu

Siku ile fundi Luka aliponing'iniza timazi kwenye ukuta wa sebule hii, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo, na wewe umeniamshia bila kujua. Juzi ulimleta yule kijana apime chumba ili mbandike hizo mbao za plastiki zinazong'aa. Akapima, akapima tena, akakuna kichwa. Akasema ukipima nyumba kwa nje na ukipima kwa ndani hesabu haikubali, sebule imepungukiwa upana wa vidole kadhaa, na hajui vimekwenda wapi. Wewe ukacheka, ukamwambia ni ujenzi wa kizamani. Mimi nikanyamaza kwa kuwa kulikuwa na wageni. Leo tuko wawili. Kaa hapo, mwaga hiyo chai iliyopoa ujimiminie nyingine, nikuambie vidole vile vilikwenda wapi.

Nakuambia wewe kabla ya wenzako kwa sababu wewe ndiye unayeolewa. Unakwenda kwenye nyumba ya watu, na nyumba ya watu ina kuta zake.

Mimi niliingia humu nikiwa bibi harusi, miaka ile ya sabini, reli ikiwa inajengwa na Mbeya nzima imejaa magari na matope. Babu yako Ambokile alikuwa dereva wa gari la mbao, anapakia Mafinga, anashusha Mbeya, anarudi. Akilala nyumbani usiku mmoja, mwingine analala njiani. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Mzee huyo ujana wake wote aliumaliza Chunya akichimba dhahabu, na kidogo alichopata alikinunulia kiwanja hiki akajenga. Mkewe alishafariki kabla sijaja. Kwa hiyo tulikuwa mimi, mume asiyekaa, na baba mkwe.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha mmekumbatiana. Sisi Wanyakyusa, wakati ule, mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni. Hakusema naye. Hakulitamka jina lake, na ndiyo maana hata sasa hunisikii nikilitaja, ingawa amekwisha lala kaburini siku nyingi. Mkikutana njiani, unaacha njia, unaingia kwenye majani, unageuka mgongo mpaka apite. Usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ilikuwa heshima ya pande mbili, maana na yeye alijitahidi asikukute.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta huo unaoutazama. Mlango wake ulikuwa unatokea nje, upande wa banda la kuku. Kabla hajatoka alikohoa, si kikohozi cha ugonjwa, ni kile cha kutengeneza, cha kusema natoka, anayetaka kujificha ajifiche. Mimi nikikisikia naingia jikoni. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni pake, nagonga kawa kwa kijiko, naondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, yeye anakohoa, mimi nagonga kawa. Niliyazoea, na nadhani na yeye aliyazoea.

Babu yako kila akiondoka alikuwa na neno moja la kuniachia. Alisema, "Baba yangu hana pengine pa kwenda. Ndugu zake wamekwisha. Akiondoka humu hakuna atakayesema mzee ameondoka, watasema mkamwana kamfukuza." Nililibeba neno hilo kila siku. Utamtunzaje mtu usiyeweza hata kumuuliza kama chumvi imekolea?

Sasa turudi kwenye ukuta. Ukuta huo ulikuwa na kitambi. Hapo katikati tofali zilitokeza mbele, chokaa imepasuka pembeni, na kalenda niliyoitundika ilikuwa inabenuka haitulii. Mimi nilizaliwa mdadisi, mama yangu alinichapa sana kwa ajili hiyo, na ukuta ule ulinikera kama punje ya mchanga kwenye wali. Kwa nini katikati tu? Kwa nini kuta nyingine zote zimesimama vizuri? Nilimuuliza babu yako. Akasema alikuta hivyo siku moja aliporudi safari, kidogo kabla ya harusi yetu, na baba yake alimwambia alikuwa anazuia baridi. Dereva akishaambiwa jambo ameridhika, anawaza matairi. Mimi sikuridhika, ila sikuwa na wa kumuuliza.

Na zaidi ya udadisi kulikuwa na shangazi yangu. Shangazi wa Tukuyu hakuipenda ndoa yangu. Alisema mchimba dhahabu hajui kujenga nyumba, anachimba shimo kisha analiwekea paa. Sasa akatuma salamu kwamba Jumapili anakuja yeye na wenzake kuniona ninavyoishi. Nikauangalia ule ukuta, nikaona aibu mapema.

Babu yako alikuwa ameona huko Iringa, kwenye nyumba moja ya wageni, ukuta wa sebule umevishwa mbao kutoka chini mpaka juu, zinanukia utomvu. Basi safari iliyofuata akashusha hapa mlangoni mbao za msindano, zimepigwa randa, kila moja ina ulimi upande huu na mfereji upande ule ili ziumane. Na juu ya mbao alikuwa ameketi fundi Luka, Mbena wa Mafinga, na sanduku lake la vifaa mapajani. Babu yako akanywa uji, akaendelea na gari lake.

Fundi Luka alikuwa mtu wa maneno. Alisalimia kwa Kibena, "Kamwene," halafu akausimamia ukuta, mikono kiunoni.

"Ninyi Wanyakyusa mnajenga kama mnavyopanda migomba," akasema. "Popote penye nafasi."

"Na ninyi Wabena mnapima mkishakunywa ulanzi wenu wa mianzi," nikamjibu.

Akacheka. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akaweka ubao mmoja wima. Ubao ukagusa kitambi ukabembea, chini una nafasi, juu una nafasi. Akaniambia mbao hazijui kudanganya. Ukizipigilia kwenye ukuta wa namna hii zitapinda, zitaachana, na msimu wa mvua utaziona zinafunguka moja moja. Akasema dawa ni kukichonga kitambi kwa tindo mpaka kiwe sawa na ukuta mwingine.

"Chonga," nikasema. Nilikuwa namwaza shangazi.

Akapiga tindo mara kadhaa. Vumbi jekundu likamwagika, maana tofali zile zilikuwa zimeunganishwa kwa udongo mtupu. Saruji miaka ile ilitafutwa kwa tochi. Kipande cha tofali kikaanguka, na fundi akaacha kidogo ili avute pumzi.

Hapo ndipo nikasikia kitu, au niseme nikakosa kukisikia. Mzee alikuwa hajakohoa tangu nyundo ianze. Saa yake ya kutoka kuota jua ilikuwa imepita. Nikaenda kwa tahadhari kuchukua vyombo vya asubuhi, nikakuta kawa halijafunuliwa, uji umeganda kama nilivyouacha. Nikarudi sebuleni, nikabandika sikio ukutani. Nikasikia sanduku likiburutwa.

Nikamwambia fundi, "Weka tindo chini kwanza."

"Nimekosea nini?"

"Sijui. Ndiyo nataka kujua."

Yeye hakuwa mtu wa kukaa bure. Akasema basi wakati nikitafuta ninachotafuta, yeye ataupima ukuta wote. Akaning'iniza timazi kutoka juu, ule uzi wenye kipande cha chuma chini yake, akawa anausogeza hatua kwa hatua, na kila mahali ukuta ulipoanza kutokeza aliweka alama ya chaki. Kisha akafunga uzi mwingine wa kulala, kutoka pembe hii mpaka ile, akaupandisha kidogo kidogo, na kila ulipogusa au kuachia aliweka alama tena. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga, namtazama. Alipomaliza akaziunganisha alama kwa mstari ili ajue mpaka wa kitambi. Mstari mmoja ukapanda wima. Wa pili ukapanda wima. Wa tatu ukalala juu yao.

Mwanangu, nilisahau unga nikajishika kichwa.

"Fundi, umechora mlango."

Akarudi nyuma kutazama. "Mimi sijachora," akasema taratibu. "Ukuta umejichora wenyewe."

Ulikuwa mlango kabisa, saizi ya mtu kupita akiinama kidogo. Kumbe chumba cha mzee zamani kilikuwa na mlango wa kuingilia sebuleni, kama vyumba vya nyumba zote. Ulizibwa, na babu yako hakuona haja ya kunitajia. Fundi akagonga ndani ya mstari na nje ya mstari, milio ikatofautiana. Akanionyesha pale alipochonga. Tofali za zamani za ukuta zilikuwa ndogo, na zilizozibia mlango zilikuwa kubwa, za tanuru lingine.

Udadisi ukanipanda kichwani. Ni nani anayeziba mlango wa ndani wa nyumba yake mwenyewe, kwenye baridi ya Mbeya, halafu awe anazunguka nje kwenye mvua kila akitaka kitu? Na kwa nini mwenye kuuziba amenyamaza tangu tulipoanza kuugusa?

Nikamwambia fundi, "Zunguka nyuma. Msalimie mzee, muulize aliyeuziba huu mlango ni nani na kwa nini. Sema unauliza wewe."

"Mbona usiulize mwenyewe? Si baba yako?"

Ikabidi nimweleze mila yetu. Alitaka kunitania, nikaona mdomo umeshafunguka, lakini alipoutazama uso wangu akaufunga. Akatoka. Mimi nikasimama nyuma ya pazia la dirisha hilo la upande wa banda la kuku, mahali ambapo naweza kusikia bila kuonekana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mbona mzigo umefungwa?"

Sauti ya baba mkwe ilikuwa ya chini, haina hasira.

"Nangoja gari la Chunya. Linapita jioni."

"Chunya una nani?"

"Sina mtu. Kuna mashimo tu."

Nilimwona kupitia upenyo wa pazia akichuchumaa, ameshika kofia. Akasema yeye ni fundi wa mbao tu, amekuta mlango ukutani, na fundi akikuta mlango lazima auulize. Alipoanza kusema alipandisha sauti kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyechuchumaa mbele yake, nami nikajua anajua nilipo.

"Niliuziba mimi. Nilipoambiwa mwanangu anaoa, niliketi chumbani nikautazama ule mlango. Unatokea sebuleni. Nikasema, huyu binti wa watu akiwa anakula, nikitoka, atakimbia. Akiwa na mgeni wake, nikitoka, atakimbia. Akiwa amelala kwenye mkeka na mtoto, atakimbia. Ni nyumba gani hiyo, mtu anaishi kama digidigi? Nikabomoa dirisha langu likawa mlango wa nje. Tofali zake zikawa chache, nikaomba nyingine kwa jirani. Sikujua ni kubwa. Mikono yangu ilizoea kuchimba, kujenga haikujua."

"Umetokeza sana upande wa sebuleni, mzee."

"Upande wangu umenyooka. Nilijengea nikiwa ndani, nikawa naupanga kwa upande wangu. Ingia uone."

Fundi akaingia na timazi lake. Akatoka anatikisa kichwa. "Kweli," akasema, naye akipandisha sauti. "Huku uzi unalala kwenye tofali, hakuna hata pa kupitisha kucha."

Mzee akasema, "Sasa leo nimesikia nyundo. Nikajua mlango unafunguliwa. Sikumlaumu mtu. Nikasema labda hawautaki tena ukuta wangu, basi niwapishe."

Nililia, mwanangu. Nililia nikiwa nimeuma kanga nisisikike. Tangu niingie humu nilikuwa nakwenda sebuleni nipendavyo, nakaa, nalala mchana miguu nje, nacheka na mashoga zangu, na sikuwahi kujiuliza uhuru ule nimeupata wapi. Wenzangu walioolewa kwenye nyumba za mjini zenye wakwe walikuwa wanaruka huku na huku kutwa nzima. Mimi nilidhani nina bahati tu. Na aliyenipa bahati ile alikuwa anazunguka kwenye mvua ili akifikie choo.

Nikajifuta. Kusema naye sikuruhusiwa, lakini kusema na fundi niliruhusiwa, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Nikasema kwa nguvu, pazia likiwa mbele ya uso wangu:

"Fundi Luka! Usiguse tofali hata moja ya mlango ule. Anzia hapo hapo palipotokeza zaidi, mbao zako zipite juu yake, kwingine kote ujazie mpaka kuwe sawa napo. Sebule ikipungua, ipungue. Na kile kipande ulichokivunja ukirudishe kwa udongo. Na mwambie mwenye ukuta kwamba wali unaiva, wa mchele wa Ubaruku, na kwamba nyumba hii haina mtu wa kwenda Chunya."

Fundi hakurudia hata neno moja, hakukuwa na haja. Nilikaa pale nimeshika pazia, nasikia kuku tu wakiparura. Ndipo mzee akakohoa. Kile kikohozi chake cha kutengeneza. Nikakimbilia jikoni nikiwa nacheka na machozi yanatoka, na kwa upenyo wa mlango nikaona kivuli chake kikienda kuota jua.

Kazi ikaenda tofauti baada ya hapo. Fundi alitoboa kwenye viungo vya tofali akapigilia vigingi vya mti, juu yake akalaza papi za kushikia mbao. Palipotokeza papi ziligusa ukuta kabisa. Kwingine ziliachia nafasi, na kila nafasi ilihitaji kabari yake, nene hapa, nyembamba pale. Zilitakiwa kabari nyingi mno. Fundi akabeba vipande vya mbao vilivyobaki akampelekea mzee pamoja na kisu. Mzee akakaa juani anachonga. Akijaza kikapu, anakohoa, anakiweka kwenye kigoda, anaingia ndani. Mimi naenda kukichukua, namletea fundi. Zikirudi ambazo hazikufaa naziweka kwenye kigoda, nagonga kawa. Ndivyo tulivyoujenga ukuta ule sisi wawili bila kuonana, na nakuambia kweli, sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Jumapili shangazi akaja. Akapitisha kiganja kwenye mbao kutoka mwanzo mpaka mwisho, akatafuta kasoro, nikamwona anavyotafuta. Akasema, "Sebule ni ndogo." Nikamwambia ndiyo, ni ndogo, na nikamweleza kwa nini. Shangazi alikuwa mtu mgumu. Akaweka kikombe chini, akatoka akazunguka upande wa kuku. Yeye hakufungwa na mwiko wangu. Alipiga magoti mlangoni pa mzee, nikamsikia akisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Toka siku hiyo hakulirudia lile neno lake la shimo na paa.

Baba mkwe alikaa nasi mpaka mwisho wake, na mama yako alijifunza kutembea kwenye zulia hili mimi nikiwa nimejinyoosha hapa bila kumkimbia mtu.

Sasa sikia ninachokuambia. Huko unakokwenda utakuta kitu kimetokeza. Itakuwa tabia ya mama mkwe, au neno ambalo mumeo hataki kulizungumza, au desturi ya nyumba ambayo haina maana machoni pako. Kitakukera, kitakuharibia kalenda yako. Usishike tindo. Kwanza zunguka, ukakitazame kutoka upande wa pili, maana kinachokutokea wewe huenda kwa mwenzako kimenyooka kabisa, na huenda kilijengwa kwa ajili yako kabla hujafika. Kama huruhusiwi kuuliza, tafuta wa kukuulizia. Na ukishajua, anzia hapo hapo, sogeza mengine yako yakifuate, hata kama sebule itapungua kidogo. Na mtu wa nyumba aliyezoea kukohoa akinyamaza, acha unachofanya uende kusikiliza.

Na hizo mbao zako za plastiki, zibandike, sikukatazi. Nyumba itakuwa yenu wajukuu. Ila mwambie yule kijana aliyepima azitoe za zamani polepole, kwa mkono. Nyuma yake mtakuta kabari alizochonga mzee, na ukutani mtakuta mlango wa chaki. Fundi Luka alitaka kuufuta kabla hajafunika, nikamkataza. Uutazame mwenyewe kwa macho yako, ndipo ufunike, na usiufute na wewe.

Mungu akupe nyumba yenye watu, mwanangu. Akupe wakwe wa kukuwazia kabla hujafika, na wewe akupe macho ya kuwaona. Miguu yako isikimbizwe sebuleni kwako. Nenda salama, ukae salama, uzae, na siku moja umzibie mtu mlango wako ili yeye apate pa kukaa.